Maksai wa Baba Alipoacha Kucheua

Enzi zile ambapo nilikuwa bado mtoto wa kubebeshwa kindoo kidogo kisimani, niliishi na bibi mzaa baba katika kijiji kimoja cha Ufipa, huku juu kwenye uwanda, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Sumbawanga mjini. Ndani ya nyumba tulikuwa wawili tu. Nje tulikuwa na maksai wawili, kuku wachache na upepo. Upepo wa Ufipa mwezi wa saba anayeujua anaujua: hauna mti wa kuuzuia, unakuja moja kwa moja mpaka mbavuni, na blanketi ukilivuta kufunika shingo unaacha miguu nje.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya neno moja. Juzi mkwe wangu Neema alikuwa amemweka mtoto wake begani baada ya kumnyonyesha, mara maziwa kidogo yakamrudia mtoto mdomoni na kuchuruzika kwenye kanga. Neema akaruka. "Mama! Mtoto katapika!"

"Hajatapika," nikamwambia. "Amecheua. Mfute."

"Kucheua ndiyo nini?"

Jamani! Mtu amezaliwa Sumbawanga hii hii, babu zake walifuga, halafu kucheua ndiyo nini! Nikamketisha. Nikamwambia kubeua ni hewa, ile anayoitoa mtu aliyeshiba maharage, na wapo wageni wakibeua mezani kwako ujue wamekusifia mapishi. Kutapika ni ugonjwa, tumbo limekataa. Kucheua si hili wala lile. Ni chakula kilichokwisha kumezwa kurudi kinywani taratibu, bila vita. Kwa mtoto mchanga ni maziwa kidogo yanayorudi, na mtoto anayecheua hata halii. Kwa ng'ombe ndiyo kazi yenyewe: anakula haraka haraka malishoni, akishalala anarudisha donge moja moja, analitafuna upya, analimeza tena. Ng'ombe asiyecheua hana siku nyingi. Neema akacheka, akasema, "Mama na maneno yako ya kizamani," akaenda kubadilisha kanga. Mimi sikucheka naye. Kwa bibi yangu neno hilo halikuwa la mzaha, na kwangu lilikuja kuwa neno la baba.

Najua ukisema unatoka Sumbawanga watu wa mbali wanasogeza kiti pembeni. Wanadhani sisi sote usiku tunapanda ungo. Basi niwatoe wasiwasi mapema: ninachosimulia hakina mchawi ndani yake. Kina bibi, mtoto, na ng'ombe aliyevimbiwa.

Mama yangu alifariki nikiwa sijui hata kuvaa gauni mwenyewe, kwa hiyo simkumbuki. Nilimjua baba. Jina lake Kasiano, mtu mrefu, mwenye kucheka kwa puani, na hakuna kitu alichokipenda kama yule maksai wake mkubwa mwekundu aliyempa jina la Waziri. Mwenzake, maksai mweusi, mvivu wa kutupwa, alikuwa anaitwa Karani. Baba akifunga plau watu walisimama njiani kumtazama Waziri anavyokata ardhi. Alimpigia mluzi, alimkuna chini ya shingo, alimwambia mambo ambayo mimi na bibi hatukuambiwa. Sikumwonea wivu Waziri wakati huo. Nilikuwa najivunia kuwa mtoto wa mwenye Waziri.

Halafu baba akashuka bondeni. Miaka ile vijana wengi wa uwandani walikuwa wanateremka Lyamba lya Mfipa, ule ukingo mkali wa uwanda wetu, kwenda kulima mpunga kule Mtowisa, kwenye joto na mbu, kwa sababu mpunga una soko na ulezi wetu hauna. Baba naye akasema anakwenda msimu mmoja. Asubuhi aliyoondoka alinichukua mpaka zizini. Waziri alikuwa amelala, miguu ameikunja chini ya kifua, taya linakwenda upande, linarudi, linakwenda upande, linarudi.

"Tazama shingoni," baba akasema.

Nikatazama. Taya likasimama. Waziri akameza, akatulia kidogo, mara nikaona kitu kinapanda ndani ya shingo yake kutoka chini kwenda juu, na taya likaanza tena.

"Umeona? Huko ndiko kucheua. Akiwa anacheua hivi, ujue na mimi huko niliko sijambo. Ng'ombe anamjua mwenyewe. Siku akiacha, mwambie bibi yako."

"Na wewe utarudi lini?"

"Nikivuna," akasema, akanikuna chini ya kidevu vile vile alivyomkuna Waziri, akatoka kudandia lori.

Maneno hayo hakuyatunga. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na wakubwa zake. Bibi yangu, ambaye majirani walimwita Mama Kasiano, aliamini kwamba ng'ombe na aliyemkuza wamefungwa pamoja tumboni. Mwenye ng'ombe akiwa mbali na yu mzima, ng'ombe wake atacheua kwa raha. Mwenyewe akipatwa na jambo, ng'ombe atakula, atameza, lakini kile alichomeza hakitarudi. Sijui kama imani hii ilikuwa ya Wafipa wote au ya ukoo wetu tu. Bibi alikuwa na rozari shingoni, Jumapili hakosi ibada kigangoni, na hakuona ugomvi wowote kati ya Bikira Maria na tumbo la Waziri.

Baba hakurudi mavuno ya kwanza. Alituma gunia la mchele na salamu, kwamba anaongeza msimu mmoja. Bibi alilipokea gunia, akalipapasa pande zote, akaliingiza ndani. Bibi hakuwa msemaji. Mchana kutwa alikuwa shambani ameinama kwenye matuta, jioni amechoka, na akishasali ndiyo basi. Alinipenda, aliniita "mke mwenzangu" na kunipa ukoko wa ugali, lakini mazungumzo hakuwa nayo. Watoto wa jirani walikuwa na kaka, dada, mama wa kuwaita kwa kelele giza likiingia. Mimi hakuna aliyeniita kwa kelele. Nilikuwa nasikia majina yao yakiitwa, moja baada ya jingine, mpaka uwanja unabaki mtupu na mimi nimesimama peke yangu na mpira wa matambara.

Basi nikawa naenda zizini. Nakaa kwenye jiwe karibu na Waziri, nimejifunga kanga ya bibi, namsikiliza. Kucheua kwa ng'ombe kuna sauti, ndogo, ya majani mabichi yanayosagwa, na kuna harufu yake, nzito, tamu, yenye joto. Nilikuwa namweleza ya shule. Nikimaliza natazama shingoni. Donge likipanda, najua baba hajambo. Siku nyingine nilikaa mpaka bibi anakuja kunishika mkono. "Twende, mke mwenzangu. Amekujibu, inatosha." Na kweli mimi nilikuwa naona nimejibiwa.

Ukaja mwezi wa saba wa mwaka wa pili. Mpunga wa bondeni ulikuwa umekwisha kuvunwa, wote waliotangulia walikuwa wanapanda mlima kurudi kwao, na mimi nilikuwa na hakika baba yuko njiani. Nilifagia njia. Nilifagia mpaka nje ya uwanja wetu, kipande kisichotuhusu, na majirani wakanicheka.

Jumapili moja tulitoka kigangoni tukakuta Waziri amekata kamba. Tulikuwa tumepukuchua mahindi na kuyaanika kwenye turubai. Yeye alikuwa amesimama katikati ya turubai, mdomo umejaa, punje zinamdondoka, na zaidi ya nusu ya mahindi hayapo. Bibi akajipiga mapaja. "Mama yangu! Mama yangu mie! Unatuua na njaa!" Akamchapa kwa kanga aliyoivaa kanisani, maskini, kanga yake nzuri. Mimi nilicheka. Nilidhani ni utundu, na nikasema baba akija nitamsimulia.

Kesho yake Waziri hakuamka kwenda malishoni. Alilala pembeni peke yake, shingo imenyooka chini, macho ameyafumba nusu. Upande wa kushoto tumbo lilikuwa limejaa, gumu kama ngoma iliyowambwa. Nikakaa kwenye jiwe langu, nikamtazama shingoni. Taya halikwenda upande. Nikangoja. Nikasema labda amelala. Nikamgusa pua, ikawa kavu. Karani alikuwa nyuma yake anacheua bila wasiwasi wowote, na mimi kwa mara ya kwanza nikamchukia Karani.

Nikakimbia kwa bibi. "Bibi! Waziri hacheui!"

Bibi akaacha jembe hapo hapo. Akaja, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye ubavu wa ng'ombe kama anavyofanya daktari. Akakaa hivyo muda.

"Kavimbiwa," akasema. "Mahindi yamemlalia."

Nikapumua. Kumbe ni mahindi tu! Lakini bibi hakunyanyuka. Alibaki amepiga magoti, mkono juu ya tumbo lile, na akasema kwa sauti ya chini, hata sijui kama alikuwa anasema nami: "Mahindi tunaanika kila mwaka. Kamba ni ile ile. Kwa nini leo?"

Nilikuwa mdogo, lakini hilo nililielewa bila kufafanuliwa. "Baba kapatwa na nini?"

"Sijui."

"Kafa?"

"Nimesema sijui! Nenda kalete maji."

Alininyamazisha, lakini jembe lake hakulirudia siku ile. Kasiano alikuwa mtoto wake pekee aliyebaki hai. Leo ndiyo nafikiria hilo. Siku ile niliona baba ni wangu tu.

Tulimnywesha maji ya magadi kwa chupa. Tulimsukuma asimame, tukamtembeza, mimi namvuta, bibi anamsukuma kwa bega, hatua mbili anasimama. Tulimsugua tumbo mpaka mikono ikafa ganzi. Siku ya pili akawa hata maji anayaachia yamwagike. Majirani walianza kuja, na ng'ombe wa watu akiwa anakufa wanaokuja si wote wanakuja kwa huruma. Akaja Mzee Gaspari, jirani yetu wa upande wa kisimani, mtu mwenye ng'ombe wengi na mwenye kujua mambo ya ng'ombe. Akamzunguka Waziri, akambonyeza, akatikisa kichwa.

"Mama Kasiano, huyu kakwisha. Mchinjeni angali anapumua. Akifa mwenyewe mtakula nini? Nyama yote mtatupia mbwa."

Nililia kelele ambazo nadhani zilifika mpaka shuleni. Nilimshika Waziri shingoni, nikajilaza juu yake. Nilikuwa na hakika, hakika kabisa, kwamba kisu kikipita kwenye shingo ile, kule Mtowisa baba yangu ataanguka chini. Mzee Gaspari akasema mtoto aondolewe. Watu wawili wakaja kunibandua.

"Mwacheni," bibi akasema.

"Mama Kasiano, tusiendekeze mtoto."

"Ng'ombe huyu si wangu. Ni wa Kasiano. Nani kati yenu kamuuliza Kasiano?" Wale wawili wakaniachia. "Basi. Anayetaka nyama aende buchani."

Mzee Gaspari akakasirika, akatema mate, akasema haya, shauri yako. Lakini hakuondoka. Bibi akamsogelea, akaongea naye kwa Kifipa, maneno machache ya haraka. Nikamwona mzee anakunja mikono ya shati.

Sasa hiki walichofanya nimewahi kukieleza kwa watu wakaniita mwongo. Ng'ombe aliyeacha kucheua, mkiwahi, anaweza kufufuliwa kwa donge la mwenzake. Unamvizia ng'ombe mzima wakati anacheua, donge limeshapanda kinywani, unambana, unamnyang'anya lile donge, unampelekea mgonjwa. Tumbo lake likionja cha mwenzake linakumbuka kazi. Wafugaji wa zamani walijua hilo, na hakuna uchawi humo. Ila kwa bibi kulikuwa na nyongeza. Mkono unaolitoa donge na kulipeleka uwe wa damu ya mwenye ng'ombe, na mtu huyo amwambie ng'ombe aliko mwenyewe. Mkono wa bibi ulikuwa umepinda vidole kwa baridi yabisi. Ukabaki wangu.

Mzee Gaspari akamvizia Karani mlangoni mwa zizi. Alingoja mpaka tukaona donge linapanda shingoni, akamrukia, mkono mmoja umeshika pembe, vidole vya mkono wa pili vimembana puani. Karani akakoroma, mzee akanipigia kelele: "Haraka, wewe! Pembeni! Pembeni hapo hakuna meno!"

Nikaingiza mkono. Ng'ombe ana nafasi upande wa shavu, katikati ya meno ya mbele na magego, na ukiweka mkono hapo huumwi ukifanya haraka. Ndani kulikuwa na joto la ajabu. Ulimi ulinisukuma, wa kukwaruza, wenye nguvu kuliko mkono wangu mzima. Nililia huku napapasa. Nikashika kitu laini, chenye mate, nikavuta. Donge la majani, la kijani, linatoa mvuke kwenye baridi ile. Nikalikimbiza nimelikumbatia kifuani. Bibi alikuwa amemfumbua Waziri mdomo, nikalisukuma mpaka nyuma ya ulimi kama nilivyoelekezwa, bibi akamfunga mdomo, akamwinua kichwa.

"Mwambie," akaniambia.

"Waziri," nikasema, "mwenyewe yuko Mtowisa. Analima mpunga. Ni mzima. Cheua." Hayo ndiyo maneno niliyofundishwa. Nikaongeza ya kwangu. "Na umwambie arudi."

Bibi akanitazama. "Hilo sikukufundisha. Kurudi si kazi ya ng'ombe."

Tulifanya hivyo tena jioni, na tena asubuhi yake, Karani akituona tu anageuza kichwa. Mzee Gaspari alikuja kila mara, analalamika, anatukana chini chini, lakini anakuja. Mimi shule sikuenda. Nilikaa kwenye jiwe, kanga mpaka kichwani, sioni njaa, sisikii baridi, natazama sehemu moja tu ya shingo ya ng'ombe mmoja.

Mchana wa siku hiyo Waziri akabeua. Kwanza niliisikia harufu. Weee! Harufu ya pombe iliyochacha, inachoma macho! Bibi aliyekuwa anapepeta ulezi akaangusha ungo. "Kabeua! Kabeua huyo!" Tukamshika huku na huku, tunamsugua ubavu, tunacheka huku tunaziba pua. Tumbo likaanza kunguruma. Akajinyoosha. Akatulia. Na kisha nikakiona kitu kinapanda shingoni, polepole, kinasita, kinapanda, na taya likaenda upande.

Bibi alipiga vigelegele. Mama mzima yule, mnyamavu yule, alizunguka zizi anacheza, rozari inaruka kifuani, mpaka Mzee Gaspari akatoka kwake kuja kutazama kuna nini. Aliponikumbatia nilisikia moyo wake unavyopiga. "Hajambo," alikuwa anasema. "Hajambo mwanangu. Hajambo." Nami nikawa naruka naruka pale nikirudia, baba hajambo, baba hajambo. Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena. Ndoa nimefunga, watoto nimezaa, lakini furaha ya siku ile ilikuwa ya peke yake. Jioni nikachukua ufagio, nikaifagia njia upya.

Baba hakuja mwezi ule. Hakuja uliofuata. Waziri alirudi kuwa mnene, anacheua kila jioni bila kukosa, na mimi kila jioni nilimpelekea bibi habari: anacheua. "Tumshukuru Mungu," bibi anasema. Nilikuwa sielewi kwa nini sauti yake inazidi kupungua. Mimi nilikuwa naona kila kitu kiko sawa, amechelewa tu.

Karibu na mvua akapita Mama Sesilia, mchuuzi aliyekuwa anapandisha mchele na samaki wakavu kutoka bondeni na kuzunguka navyo vijijini. Alikaa kwenye kigoda barazani kwetu, akanywa maji, akapangusa jasho. Bibi akamuuliza ya huko, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari ya hewa, kama anamfahamu Kasiano.

"Kasiano wa Mtowisa? Nitaachaje kumfahamu! Kanenepa yule, shingo haionekani. Kajenga nyumba ya bati. Na mkewe kajifungua hivi karibuni, dume, mtoto mzuri huyo!"

Bibi aliendelea kuchambua ulezi, anatoa kijiwe, anakitupa, anatoa kingine.

"Hajaumwa?" nikauliza mimi. "Mwezi wa saba hakuumwa?"

"Nani, Kasiano? Hata mafua, mwanangu."

"Na alisema anakuja lini?"

Mama Sesilia akamtazama bibi. Akaelewa kwa kuchelewa mimi ni nani. Akaweka kikombe chini. "Hakusema, mwanangu," akajibu, na akaanza kufunga mizigo yake ingawa jua lilikuwa bado kali.

Nilikwenda zizini. Waziri alikuwa amelala pale pale, miguu chini ya kifua, anacheua. Nilisimama mbele yake nikamtazama, na nikatamani aache. Namaanisha hivyo hivyo ninavyosema. Nikapiga magoti, nikalishika taya lake kwa mikono yote miwili, nikalibana kwa nguvu zangu zote lisiende upande. Hakunipiga pembe. Alinipumulia usoni, akangoja. Mikono ilipochoka nikamwachia, naye akaendelea pale alipoishia. Nilikaa chini kwenye samadi nikalia mpaka bibi alipokuja. Hakuniambia nyamaza. Alikaa karibu yangu na kanga yake safi, kwenye samadi hiyo hiyo, na siku ile hakuniita mke mwenzangu wala jina lolote.

Baadaye nilikua, kama watoto wote wanavyokua hata pasipo wa kuwaita jioni. Waziri alizeeka, bibi akamuuza angali anasimama. Nikaolewa mjini. Bibi alipofariki nilikuwa nimeshazaa mara mbili, na msibani, siku ya pili, baba akaja. Alikuja na gari la kukodi kutoka bondeni, mtu mzima, mnene kweli kama alivyosema Mama Sesilia, amevaa koti. Nilikuwa natoka jikoni na sinia. Nikaliweka chini, nikamsogelea, nikapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama kidogo, akatazama watoto wangu, akatazama uani, kule lilikokuwa zizi. "Hivi yule maksai wangu, Waziri, aliishia wapi?"

Nikamwambia aliuzwa. Akasikitika, akasema alikuwa ng'ombe yule, nikasema ndiyo, alikuwa ng'ombe. Kisha nikamkaribisha chakula.

Iliniuma. Inauma mpaka leo, nami sioni haya kusema. Watu wakiniuliza kama naamini mambo ya bibi, nawaambia naamini, maana ng'ombe yule hakunidanganya hata siku moja. Kila jioni aliyocheua mbele yangu, baba kule alikuwa hajambo kweli, anakula wali wake, anacheka kwa puani, anamlea mwanawe. Bibi naye alinionya mapema kwamba kurudi si kazi ya ng'ombe, na nilikuwa mdogo mno kusikia. Sikumchukia baba, na alipokuja kuugua miaka ya mwisho nilishuka Mtowisa kumwona kama mtoto yeyote anavyotakiwa. Kinachonirudia nikiwa peke yangu ni kitu kingine. Mimi huku juu nilipewa ng'ombe wa kunionyesha kama baba hajambo, nikamtazama kila jioni ya utoto wangu. Yeye kule bondeni hakuwa na kitu chochote cha kumwonyesha kama mimi sijambo, na miaka yote ile hakuona kama amepungukiwa.